Leseni ya biashara Mtwara Mjini: mwongozo kamili, kuanzia fremu hadi karatasi ukutani

Kila msimu wa korosho unapokaribia, maswali huwa yaleyale. Mtu ana mtaji, ana fremu Chikongola au kiwanja kidogo Naliendele, fundi yuko tayari, ila leseni imekwama. Manispaa wamemwambia aende TRA, TRA wamemwambia alete mkataba, mwenye nyumba hataki kusaini mkataba. Wengi hukata tamaa hapo na kufungua hivyohivyo, halafu wanashusha geti kila wakisikia maafisa wako mtaani. Hiyo si biashara, ni mateso.

Kwa ninavyoona, wanaokwama karibu wote wameanzia mwisho. Wanakimbilia leseni kabla mkataba wa pango haujakaa sawa, na majina yao yanatofautiana kutoka karatasi moja hadi nyingine. Leseni ndiyo hatua nyepesi kuliko zote ikiwa zilizotangulia zimefanywa kwa mpangilio wake.

Mwongozo huu ni wa anayefungua biashara ndogo au ya kati ndani ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani: duka, mgahawa, saluni, karakana ya kuchomelea, kiwanda kidogo. Mwenye meza au anayetembeza bidhaa ana njia yake fupi, nimeieleza kuelekea mwisho.

## Andaa hivi kabla ya kutoka nyumbani

- Namba ya NIDA. Kadi si lazima uwe nayo mkononi, namba ni lazima.
- Namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe. Ujumbe wa uthibitisho huja huko.
- Barua pepe unayoifungua mwenyewe, siyo ya kijana wa steshenari.
- Namba ya nyumba na jina la barabara ya eneo la biashara, kama vilivyowekwa kwenye anwani za makazi.
- Rasimu ya mkataba wa pango, au hati ya umiliki kama eneo ni lako.
- Daftari lenye makadirio yako ya mauzo (nitaeleza kwa nini).
- Fedha ya kodi na ada, iliyotengwa kando na mtaji.

Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika sana. Mtu anamaliza fedha yote kwenye pango la miezi sita na mzigo wa kwanza, kisha anafika TRA mikono mitupu. Tenga kabla hujanunua hata rafu.

Halafu kagua jina lako. Kama NIDA inasema Hadija na mkataba unasema Khadija, rekebisha mkataba leo. Mifumo ya serikali sasa inasomana, na herufi moja inatosha kukurudisha nyuma.

## Hatua ya 1: Hakikisha eneo liko kwenye halmashauri gani

Wilaya ya Mtwara ina halmashauri tatu: Manispaa ya Mtwara-Mikindani, Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara na Halmashauri ya Mji Nanyamba. Shangani, Chuno, Ufukoni, Mikindani na Naliendele ziko Manispaa. Ukienda upande wa Madimba kwenye mtambo wa gesi, au kwenye kiwanda cha saruji cha Dangote, umeshatoka Manispaa na kuingia Halmashauri ya Wilaya.

Sababu ya kuanza na hili ni rahisi: ukichagua halmashauri isiyo yako kwenye mfumo, maombi yanafika kwa afisa asiye na mamlaka na eneo lako. Unaweza kungoja wiki nzima jibu ambalo haliwezi kuja.

Muulize pia mtendaji wa mtaa kama eneo limepangwa kwa makazi au biashara. Karakana yenye jenereta na mashine ya kukata vyuma katikati ya nyumba za watu italeta malalamiko hata ukipata leseni. Na ukipanga jengo la kale la mawe kule Mikindani, usibomoe ukuta wala kupanua mlango kabla ya kuuliza Manispaa na watu wa Malikale. Mji ule ni urithi wetu, na ukarabati wa pupa haurudishiki.

## Hatua ya 2: Fremu na mkataba wa pango

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo soma taratibu.

Ukipanga eneo kwa ajili ya biashara, Sheria ya Kodi ya Mapato inakutaka wewe mpangaji ukate asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA. Fedha hiyo ni kodi ya mwenye nyumba, wewe ni mkusanyaji tu. Juu yake kuna ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango la mwaka, na huu unaangukia kwako.

Chukua fremu ya shilingi 150,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 1,800,000. Ile asilimia 10, inayoitwa kodi ya zuio, ni 180,000, kwa hiyo mwenye nyumba anapokea 1,620,000. Stempu ni 18,000.

Sasa tatizo. Dalali na mwenye nyumba wanakuambia, "Laki na nusu mkononi, mambo ya TRA utajuana nayo." Ukikubali kimyakimya, kodi ya mwenye nyumba umeibeba wewe. Ili yeye apate 150,000 kamili baada ya makato, pango halisi la mkataba linapaswa kuwa kama 166,700 kwa mwezi. Hiyo ndiyo bei ya fremu ile, na ndiyo unayopaswa kuilinganisha na fremu nyingine kabla ya kuamua.

Zungumza mapema na kwa heshima. Wenye nyumba wengi Mtwara ni wazee, tena wengi waliachiwa nyumba na wazazi wao. Ukimwendea na sauti ya amri atakufungia mlango. Mwambie, "Shikamoo mzee. Hii asilimia kumi inaingia TRA kwa jina lako, na mimi nitakuletea cheti chake." Cheti hicho cha kodi ya zuio ni mali yake, kinamsaidia kuonyesha kwamba pango lake limelipiwa kodi. Akilielewa hilo, hofu hupungua.

Mkataba uwe na majina kamili ya pande zote mbili, namba ya nyumba na barabara, kiasi cha pango, muda, nani anabeba kodi ipi, na notisi ya kuhama. Usainiwe mbele ya wakili au shahidi anayekubalika.

Msiandike pango la uongo. Kuna wanaoandika mkataba wa 50,000 wakati wanalipa 150,000 ili kupunguza kodi. Afisa anazijua bei za Chikongola na za Shangani, na mkataba wa namna hiyo unaweza kukataliwa. Zaidi ya hapo, siku mkigombana na mwenye nyumba, karatasi ndiyo itakayoaminika. Umelipa miezi kumi na miwili, karatasi inasema theluthi tu.

Ukishakuwa na mkataba uliosainiwa, wenye jina lako sawasawa na NIDA, na mwenye nyumba anajua asilimia kumi inakwenda wapi, sehemu ngumu ya safari umeimaliza.

## Hatua ya 3: Serikali ya mtaa

Nenda ofisi ya mtaa ilipo biashara, siyo unapoishi. Unahitaji barua ya utambulisho inayosema unafahamika na unakusudia kufanya biashara gani, kwenye nyumba ipi.

Mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa na wananchi. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa wa halmashauri. Barua huandaliwa na ofisi ya mtendaji, lakini msalimie mwenyekiti hata kama hana cha kusaini. Yeye ndiye atakayesikiliza siku jirani akilalamikia moshi wako au muziki wako, na ni vizuri awe anakujua kwa sura kabla ya siku hiyo.

Barua iwe na tarehe, muhuri na shughuli iliyotajwa wazi. "Biashara" peke yake haitoshi. "Karakana ya kuchomelea vyuma" inatosha.

## Hatua ya 4: Jina la biashara au kampuni

Kama utafanya biashara kwa majina yako halisi, huhitaji kusajili jina. Ukitaka kuitwa kitu kingine, sajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kupitia mfumo wao wa mtandaoni. Andaa majina mawili au matatu, maana la kwanza huenda limeshachukuliwa. Usichapishe fulana, kadi wala bango kabla cheti hakijatoka.

Kampuni ni jambo jingine. Ina TIN yake (namba ya mlipakodi), hutozwa kodi ya asilimia 30 ya faida, hesabu zake lazima zithibitishwe na mhasibu aliyesajiliwa, na kila mwaka inapeleka taarifa BRELA. Vijana wengi wanafungua kampuni kwa sababu jina linapendeza, na mwaka wa pili faini zinaanza kulundikana. Mgahawa wa meza sita hauhitaji kampuni. Anza na jina la biashara. Ukipata mteja mkubwa anayedai kampuni, utaifungua wakati huo ukiwa na mauzo ya kuigharamia.

## Hatua ya 5: TIN na makadirio ya kodi

TIN hutolewa bure. Yeyote anayekuomba hela ya TIN, iwe stendi au nje ya ofisi, anakudhulumu.

Onyo kwa wenye leseni za udereva na pikipiki: TIN mliyopewa wakati ule mara nyingi si ya biashara. Namba ni hiyohiyo, mtu hana TIN mbili, lakini lazima TRA waibadilishe isomeke kuwa ya biashara na waingize shughuli na eneo lako. Wengi wanaoniambia "mfumo unanikataa" wamekwama hapa tu.

Peleka mkataba, barua ya mtaa, cheti cha jina kama unacho, na NIDA. Kisha utakadiriwa.

Makadirio ni mazungumzo, na anayekuja bila namba zake hukubali za mwenzake. Ndiyo maana ya lile daftari. Hesabu kwa uaminifu: unatarajia kuuza shilingi 60,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni 1,560,000 kwa mwezi, 18,720,000 kwa mwaka. Lakini Mtwara mauzo hayako sawa mwaka mzima. Kuanzia Oktoba, minada ya korosho ikishika kasi, fedha inazunguka. Kuanzia Machi mji unapoa. Andika miezi mizuri peke yake na miezi mibaya peke yake, kisha jumlisha. Afisa akiona hesabu iliyofikiriwa, mazungumzo yanabadilika.

Viwango vya kukumbuka: mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100 kwa mwaka hukadiriwa kwa kiwango cha mauzo, na asiyezidi milioni 4 hatozwi kodi hiyo. Mauzo yakifika milioni 11 unatakiwa kutumia mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti. Usajili wa VAT unaanzia mauzo ya milioni 200.

Kodi hulipwa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Hapohapo lipa stempu ya mkataba na panga malipo ya kodi ya zuio ya pango. Kila malipo yana namba yake ya kumbukumbu, yanakwenda kwa simu au benki. Usimkabidhi mtu fedha taslimu, hata akiwa amevaa kitambulisho.

Ukiona makadirio yamezidi uwezo wako, usinung'unike nje ya geti. Sheria inakupa siku 30 tangu kupokea makadirio kuweka pingamizi la maandishi, ukilipa kwanza kiasi usichobishania au theluthi ya kodi iliyokadiriwa, kipi ni kikubwa.

Hatua hii imekamilika ukipata cheti cha uthibitisho wa ulipaji kodi, kile ambacho mtaani wanakiita kliransi. Bila hicho usifungue hata ukurasa wa maombi ya leseni.

## Hatua ya 6: Vibali vya shughuli yako

Si kila biashara inahitaji vibali hivi. Tafuta yako.

Chakula na vipodozi: majengo yake husajiliwa TBS, ambao walichukua kazi hiyo kutoka iliyokuwa TFDA mwaka 2019. Wahudumu wa mgahawa wapimwe afya, na afisa afya wa Manispaa aje akague jiko, choo na maji.

Dawa: TMDA na Baraza la Famasi. Usifungue duka la dawa kwa kutegemea kwamba utamalizia karatasi baadaye. Hapa maisha ya watu yanahusika.

Karakana na viwanda: OSHA kwa usalama wa wafanyakazi, Zimamoto kwa vifaa vya moto, na NEMC kama shughuli inagusa mazingira. Kwa kuchomelea, nunua mtungi wa kuzimia moto kabla ya ukaguzi na usiuweke nyuma ya mitungi ya gesi. Kama mashine zako zinahitaji umeme wa njia tatu, omba TANESCO mapema, maana kibali bila umeme ni karatasi tu.

Anayesindika chakula au kutengeneza bidhaa apite kwanza SIDO, shirika la viwanda vidogo, ambao wana ofisi Mtwara. Barua yao ya utambulisho humsaidia mjasiriamali mdogo kupata unafuu kwenye kuthibitisha ubora TBS, na ushauri wao wa mashine ni wa watu waliokwisha kuziona zikifanya kazi.

## Hatua ya 7: Maombi ya leseni

Leseni za kawaida za halmashauri, zile za kundi B, huombwa kwenye mfumo wa Tausi wa TAMISEMI. Za kundi A, kwa biashara zenye sura ya kitaifa au kimataifa, hutolewa na BRELA.

Fungua akaunti kwa namba ya NIDA, ingiza TIN, chagua Manispaa ya Mtwara-Mikindani, kata na mtaa, pakia viambatisho. Kisha chagua aina ya biashara kwa uangalifu. Jumla na rejareja zina ada tofauti. Ukichagua ya bei nafuu ili ukwepe, siku ya ukaguzi utaonekana unafanya biashara isiyo kwenye leseni, na hilo ni kosa kama kutokuwa nayo kabisa.

Afisa biashara ataipitia, akikubali utapata namba ya malipo. Lipa, subiri mfumo usome, chapisha. Usipoona jibu baada ya siku chache, nenda ofisi ya Viwanda, Biashara na Uwekezaji pale Manispaa ukiwa na namba ya maombi. Bila namba ya maombi watakusikiliza lakini hawatakuwa na cha kukutafutia.

Bandika leseni panapoonekana. Ina muda wa miezi 12.

## Ukikwama, nani umwendee

Watu wanapanda hadi kwa Mkuu wa Mkoa kwa jambo la afisa biashara, kisha wanashangaa kurudishwa. Fuata ngazi.

Mtendaji wa mtaa na wa kata: barua, mipaka, ugomvi wa eneo. Afisa biashara: leseni. Juu yake ni Mkurugenzi wa Manispaa, anayeteuliwa na Rais na ndiye mtendaji mkuu. Malalamiko ya maandishi kuhusu huduma yanakwenda kwake.

Diwani hatoi leseni. Lakini ushuru na ada za Manispaa zinatokana na sheria ndogo ambazo madiwani ndio wanaozipitisha. Kama ushuru wa soko au ada ya bango inawaumiza wote, kaeni wafanyabiashara wa kata, andikeni, mpeni diwani aipeleke barazani. Meya huchaguliwa na madiwani wenyewe na ndiye anayeongoza vikao hivyo. Vikao vya Baraza huwa wazi kwa wananchi kuhudhuria, na ni aibu kwamba viti vya wafanyabiashara huwa vitupu. Mkuu wa Wilaya na Mkuu wa Mkoa wanawakilisha Serikali Kuu. Waendee pale taasisi mbili zinapotupiana mpira na wewe umebaki katikati, ukiwa na nakala za barua zote ulizokwisha andika.

## Wenye mipango ya korosho

Usianze biashara ya kununua korosho ghafi kwa wakulima vijijini kwa kangomba, yaani vipimo visivyo rasmi. Ni kinyume cha sheria, inamnyonya mkulima, na mzigo wako unaweza kutaifishwa. Korosho ghafi zinauzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, kupitia vyama vya msingi na vyama vikuu kama MAMCU na TANECU, kwenye minada.

Anayetaka kubangua aanzie Bodi ya Korosho, makao yake makuu yako hapahapa Mtwara, aulize masharti ya mbanguaji na namna ya kupata malighafi kihalali. Utaalamu wa zao lenyewe uko kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele. Fanya hivyo mwanzoni mwa mwaka, siyo Septemba.

Na kwa wote: anza hatua ya kwanza Juni au Julai. Ukianza Oktoba, foleni zitakukuta na wateja watakupita.

## Wenye meza na wanaotembeza

Machinga anahitaji kitambulisho cha mfanyabiashara mdogo, si leseni. Ada yake ni shilingi 20,000 na kinadumu miaka mitatu. Uliza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Hapohapo uliza mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Inatolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa, kwa hiyo tafuta wenzako mnaoaminiana, siyo wa kujaza idadi.

## Baada ya kufungua

Toa risiti kila unapouza, hata kwa ndugu. Ukiajiri, sajili wafanyakazi NSSF, ambako mchango ni asilimia 20 ya mshahara na usimkate mfanyakazi zaidi ya nusu yake, na ujisajili WCF kwa ajili ya fidia ya ajali kazini. Fundi anayepoteza kidole kwenye grainda bila WCF atakuwa mzigo wako na wa familia yake.

Leseni, TIN na EFD zikiwa sawa, jisajili NeST, mfumo wa zabuni za serikali. Shule, hospitali ya Ligula na taasisi nyingine za umma zinanunua samani, vyakula na matengenezo kupitia huko. Bandari yenye gati jipya la mita 300, mitambo ya gesi na viwanda navyo hununua kwa walio na karatasi kamili; kwenye gesi, Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 inataka bidhaa na huduma za Watanzania zipewe kipaumbele. Fundi mzuri wa Magomeni asiye na risiti ya EFD hawezi kuingia hapo, hata kama milango yake ya chuma ndiyo imara kuliko yote mjini.

Weka kumbukumbu ya tarehe kwenye simu: awamu nne za kodi, mwisho wa mkataba wa pango, na mwezi mmoja kabla leseni haijaisha. Kuhuisha kunahitaji kliransi mpya, na kliransi haitoki ukiwa na awamu usiyolipa, kwa hiyo anza na deni la TRA, kisha ingia Tausi.